Machozi Yale Hayakuwa ya Vita

Nianze na kosa langu mwenyewe, asije mtu akanianzia.

Kuna ripoti moja, sijui sasa imelala kwenye kabati la ofisi gani, ina sentensi niliyoiandika mimi. Inasema vijana wa Gatete waliangalia filamu ya simfonia, wengi wakalia, na kulia kule kukawasaidia kutoa majeraha ya vita. Niliiandika usiku kwa mwanga wa simu, kwa sababu aliyeniomba aliitaka kabla gari halijarudi Bujumbura asubuhi. Sikujua kama ni kweli, na sikumuuliza mtu. Niliandika kwa sababu nilijua ndicho wanachotaka kusoma.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Gatete. Kwenye karatasi naitwa animateri. Kazi yenyewe ni kufungua kituo saa nane mchana, kujaza mpira upepo, kuamua ugomvi na kutafsiri. Nilizaliwa kambini Mtabila, upande wa Kasulu, Tanzania, nikaletwa Burundi mwisho wa mwaka 2012 kambi ilipofungwa, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kwa hiyo nikisema "sisi" hapa nachanganya watu: sisi tuliorudi juzi juzi, wazee wa 1972 waliorudi wakakuta mtu mwingine anachuma mawese kwenye michikichi yao, na Wakongomani waliovuka ziwa na kutua kwetu. Tunasukumana sana sisi kwa sisi, mashamba tunayajua wenyewe. Lakini mgeni akija na gari lake sote tunakuwa kitu kimoja. Tunaitwa walengwa. Hilo neno kila nikilisikia nageuka kuangalia nani ameshika bunduki.

Filamu yenyewe inaitwa Kinshasa Symphony. Ilitengenezwa na Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, ikatoka mwaka 2010. Inaonyesha okestra ya kanisa la Kimbanguiste mjini Kinshasa, wapigaji na waimbaji kama mia mbili, wakijiandaa kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Okestra ile aliianzisha Armand Diangienda mwaka 1994. Alikuwa rubani, kazi ikapotea, akaanza kujifunza pamoja na wenzake. Waya wa breki ya baiskeli uliwahi kutumika badala ya uzi wa fidla. Mchana kila mmoja yuko kwenye riziki yake, mmoja fundi umeme na kinyozi, mwingine anahangaika kutafuta nyumba ya kupanga na mtoto wake mgongoni. Jioni wanakutana kupiga. Waimbaji wanakaririshwa Kijerumani neno kwa neno. Halafu kuna sehemu umeme unakatika katikati ya muziki, giza totoro.

Walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa kituo, projekta juu ya meza, jenereta nyuma ya nyumba, spika moja. Mimi nikapewa maikrofoni nitafsiri, maana ndani ya filamu wanaongea Kilingala na Kifaransa. Sasa mimi nimekulia kwenye vibanda umiza vya kambini, na Lufufu ndiye aliyetutafsiria dunia nzima, kwa hiyo nikaanza kwa mtindo uleule: mbwembwe, utani, kumpa kila mtu sauti yake. Watu wakacheka. Ulipoanza muziki nikaendelea kuongea, nikidhani nasaidia. Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwanangu, hebu funga mdomo, tusikie!" Nikafunga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza jioni ile mtu wa Gatete kusema alichotaka, na aliyekuwa anamzuia asipate ni mimi.

Nataka nieleze nilichokiona baada ya hapo, kwa sababu hakimo kwenye ripoti.

Watu walicheka. Walicheka Kijerumani kilipokuwa kinakaririshwa, wakaanza kukijaribu wenyewe, na hadi leo kuna watoto hapa wanasalimiana kwa sauti ile ya kukwaruza koo. Wengine walilala ilipofika ile sehemu ya polepole. Kulala si dharau, mtu katoka shambani. Wavulana watatu walibishana muda wote kama zile fidla kubwa zinauzwa bei gani. Umeme ulipokatika ndani ya filamu, uwanja wote ulilipuka: "Wamekataa!" Watu walipiga makofi, walipigana mabegani, machozi ya kicheko yakawatoka. Ilikuwa kama kumwona ndugu yako kwenye televisheni. Pale mbele, mmoja wa wageni alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, macho yamejaa maji. Aliona huzuni. Sisi tulikuwa tunaona kichekesho chetu cha kila siku, na wapigaji wanaoendelea gizani kama mtu anayemalizia kusuka nywele bila taa, kwa sababu mkono unajua njia.

Yule mama aliyenifunga mdomo anaimba alto kwenye kwaya. Ameimba alto tangu Tanzania, miaka zaidi ya ishirini. Nyimbo zikifika mahali anazopaswa kuingia alto, alikuwa anavuta pumzi. Nilimwona, nilikuwa nimegeuka kumtazama. Alivuta pumzi mara nne au tano, tayari kuingia, Kijerumani hakijui, kakaa kwenye benchi la kituo cha vijana. Mwishoni kabisa, waimbaji wote wanapopanda kwa pamoja na hakuna tena anayepumzika, alilia. Kesho yake nilimkuta sokoni nikamuuliza. Akanijibu kama fundi anavyomjibu mwanafunzi: "Wale masoprano wamewekwa juu mno, baba. Juu kule unakaa hapo hapo, huteremki. Nilikuwa nawahurumia koo." Halafu akacheka, akasema, "Lakini hawakuteremka."

Kuna mzee seremala, wa 1972 huyo, alitoka Rumonge akiwa kijana akarudi mvi zimejaa. Yeye hakulia wala hakucheka. Ilipofika sehemu ya fundi anayetengeneza besi kwa mikono yake, yale mafidla makubwa ya kusimama nayo, mzee aliinuka, akatembea hadi kwenye shuka, kivuli chake kikaziba nusu ya picha, watu wakapiga kelele akae. Hakujali. Alitaka kuona pembe za mbao zimeunganishwaje.

Na kuna kijana mmoja, jina silitaji, ana miaka kumi na mitano, katoka ng'ambo. Alilia. Alilia waziwazi, mdomo wazi, hata hakujifuta. Na kamera ilikuwepo.

Baada ya filamu zikaja fomu. Mnazijua. Vile vichwa vitatu vya duara, kimoja kinacheka, kimoja kimenyamaza, kimoja kimenuna. "Kabla ya filamu ulijisikiaje? Baada ya filamu unajisikiaje?" Chini yake: "Muziki umekukumbusha nini?" na mistari miwili ya kujibia. Mistari miwili! Wasiojua kuandika niliwajazia mimi. Na hapa ndipo kosa langu lilipoanzia, kabla ya ile ripoti. Mama wa alto aliniambia niandike kuhusu masoprano, nikaona haifai, nikaandika "tumaini". Mzee aliniuliza mbao ile ni ya mti gani, nikaandika "amani". Wale waliolala niliwawekea kichwa kinachocheka. Kijana sikumuuliza chochote, nikaandika "vita".

Picha yake ilienda kwenye simu za watu kabla ya mwezi kwisha. Chini yake imeandikwa kwamba ni mtoto wa vita, na simfonia imefungua moyo wake. Wenzake wakaiona. Tangu siku hiyo akaitwa Violo. "Violo, leo hulii?" Aliacha kuja kituoni, wiki mbili, wiki tatu. Nilimfuata ufukweni kwenye mitumbwi ya ndagala, anakosaidia kutandaza samaki. Nikamwambia pole. Nikamuuliza, kwa kuchelewa, swali nililopaswa kumuuliza usiku ule: ulilia nini?

"Yaya, haikuwa juu ya vita," alisema. "Vile violo vilikuwa mingi sana. Alafu vyote vikaenda pamoja."

Nilisubiri aendelee. Hakuwa na la kuongeza. Akarudi kwenye ndagala zake.

Sasa nauliza, na namuuliza kila mtu mwenye fomu garini: kwa nini jibu hilo halina kisanduku? Binti wa Berlin au wa Paris akilia kwenye ukumbi wa muziki, watu wanasema ana sikio, ana moyo, kaguswa na kazi ya sanaa. Akilia huyu wa Gatete, anatafutiwa maiti. Lazima pawepo na kijiji kilichochomwa nyuma ya chozi. Sisi hatukubaliwi kuguswa na kitu kwa sababu ni kizuri. Tunakubaliwa kuguswa kwa sababu tumeumia tu, na muziki ukija kwetu unakuja kama dawa ya minyoo: unagawiwa, unanywewa mbele ya mhudumu, unatiwa saini.

Sisemi hatujaumia. Msinipindishe. Wapo waliokaa kwenye yale mabenchi wakiwa na mambo ambayo hata mimi sijawahi kuambiwa, na inawezekana mmoja wao alikumbuka. Ni haki yake, na ni siri yake. Ninachokataa ni kugeuza chozi kuwa ushahidi. Chozi halithibitishi kitu. Nitatoa mfano, na nitautoa kwenye simfonia hii hii, maana nimeusoma huo muziki tangu siku ile kama mtu anayefuatilia deni.

Ilipigwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 7 Mei 1824. Beethoven alikuwa jukwaani, na alikuwa kiziwi. Inasimuliwa kwamba watu walishangilia nyuma yake yeye akiwa ameangalia wapigaji, mpaka mwimbaji mmoja akamgeuza aone, na wakapunga vitambaa ili macho yapate kile ambacho masikio hayakupata. Wale walishangilia muziki. Hakuna aliyewapa fomu.

Songa mbele. Aprili 1942, Berlin, mkesha wa kuzaliwa kwa Hitler, simfonia hii hii inapigwa, Furtwängler anaongoza. Ilirekodiwa filamu. Kipande chake nimekiangalia kwenye simu: wakubwa wa Nazi wamekaa wametulia, nyuso zimelainika kwa muziki unaoimba kwamba watu wote watakuwa ndugu. Mwisho Goebbels anampa mkono kiongozi wa okestra. Waliguswa, wale. Naamini kabisa waliguswa. Walitoka ukumbini wakarudi kwenye kazi yao.

Au tuje nyumbani Afrika. Mwaka 1974 utawala wa Wazungu wachache wa Ian Smith kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ulichukua sauti ya wimbo huo wa furaha ukaifanya wimbo wa taifa lao. Sauti ileile ambayo Baraza la Ulaya lilikuwa limeichukua kuwa wimbo wa Ulaya mwaka 1972. Mwaka 1972, ndugu zangu. Kwa mtu wa Rumonge sina haja ya kueleza mwaka huo ulikuwaje. Desemba 1989 Bernstein akaipiga Berlin ukuta ulipoanguka, akabadilisha neno "furaha" likawa "uhuru", watu wakalia tena, na safari hiyo walikuwa na sababu nzuri. Muziki mmoja, machozi ya kila aina ya mtu. Ukitaka kujua mtu analilia nini, muulize. Akikataa kusema, mwache.

Huo ni upande mmoja. Nina ugomvi na upande wa pili pia, upande wetu.

Kuna ndugu zetu waliosimama siku zilizofuata wakasema tumedanganywa, huo ni muziki wa wazungu, na aliyelia ametekwa akili. Mmoja ni rafiki yangu, kasoma kuniliko, ana maneno mengi ya Kifaransa kuhusu ukoloni. Nilimuuliza kama anajua Kimbanguiste maana yake ni nini. Simon Kimbangu alianza kuhubiri mwaka 1921, Wabelgiji wakamkamata mwaka huohuo, wakamhukumu kifo, kisha ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na akafia gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Miaka thelathini. Armand Diangienda ni mjukuu wake. Sasa wewe wa Rumonge umwambie mjukuu wa Kimbangu kwamba hajui mkoloni ni nani?

Gitaa la rumba lilitoka wapi? Vitabu vya kwaya vyenye sauti nne, vilitoka wapi? Mama yangu ameimba soprano, alto, teno na besi tangu kabla sijazaliwa, na hakuna aliyemwambia ametekwa. Na wanaosema turudi kwenye ngoma, mimi naipenda ngoma, damu yangu inasimama zile ngoma zikianza. Lakini tangu amri ya mwaka 2017 mwanamke haruhusiwi kuzipiga hapa Burundi. Basi mama wa alto apige nini, atuambie huyo msomi.

Na wale vijana waliomwita mwenzao Violo: nyinyi nawajua kwa majina, na mnalia. Mnalia timu ikifungwa. Niliwaona.

Niseme la haki kuhusu filamu yenyewe. Inapenda kidogo kuonyesha vumbi na madimbwi, kamera za ugenini zina ugonjwa huo. Lakini inafanya kitu ambacho wageni wetu hawakufanya: inamwacha mpigaji apige. Inakaa naye. Inamwonyesha akikosea, akirudia, akikasirika, na haimuulizi kila dakika anajisikiaje. Wale wa Kinshasa hawapigi ili waponywe. Wanapiga kwa sababu muziki huo ni mgumu na wanautaka. Ndiyo maana mzee alitembea hadi ukutani na ndiyo maana mama alivuta pumzi. Kazi inamtambua mwenye kazi. Wageni walikuwa wamekaa mbele, wameipa filamu mgongo nusu, wanatuangalia sisi. Walikuja na simfonia wakasikiliza hadhira.

Niliandika barua kuomba ile picha iondolewe. Nimejibiwa kwa upole kwamba kijana alisaini ruhusa. Alisaini, kweli. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa na mimi ndiye niliyemwambia aweke saini hapa. Sitaacha kuandika, nitaandika tena na tena, na ile sentensi yangu nimewaambia waifute, sababu nikiwa nimezieleza kama nilivyoeleza hapa. Mshahara wangu ni mdogo, si kitu kikubwa cha kunitisha nacho.

Kijana amerudi kituoni. Anakaa karibu na mlango. Jina Violo halijamtoka, ila sasa analiitikia, na ameniomba ule muziki nimwekee kwenye kadi ya simu, wote, na ile sehemu ya kulala pia.

Mwezi ujao wageni wanataka kurudi na filamu nyingine ya okestra. Waje. Watu wa hapa wanaitaka, wameniuliza tarehe mara nyingi. Nimewatumia masharti yetu, tuliyakaa tukayaandika sisi wenyewe kituoni, mama na mzee wakiwepo. Kamera ielekee ukutani. Fomu zibaki garini. Atakayelia asiulizwe mpaka aseme mwenyewe. Atakayelala asiamshwe. Mimi nitatafsiri maneno tu, muziki ukianza nazima maikrofoni. Na waje na spika mbili kubwa, maana ile moja ilikuwa inapasua sauti za juu na kumeza za chini. Zile besi tuliziona zikipigwa mwanzo hadi mwisho, hatukuzisikia hata mara moja, na mzee seremala ameniambia safari hii anataka kuzisikia.